Muuzaji Aliyejulia Hali

Kuta za nyumba yetu zimejaa picha za watu. Kuna maharusi wa Mtae ambao sasa wana wajukuu, kuna watoto wa shule waliosimama wima mbele ya pazia la bluu, kuna hata mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye picha bila kuitwa. Baba yetu hayumo. Alipofariki, kaka yangu Hashimu alikuwa amefanya kazi ya kupiga picha miaka kumi na minne, na baba hakuacha hata picha moja. Kosa hilo ni langu, wala si la Hashimu. Naandika ilivyokuwa.

Baba aliitwa Abubakari. Ujanani alifanya kazi ya misitu hapa Magamba, akipanda misonobari na kufyeka njia za kuzuia moto. Kibanzi cha mti kiliwahi kumruka usoni kikamwachia kovu lililokata nyusi moja katikati. Baadaye alilima viazi na kabichi kama watu wote wa huku. Picha hakuzipenda. Hashimu aliponunua kamera yake ya kwanza, mtu wa kwanza aliyemwomba asimame alikuwa baba, na baba alimjibu huku akichagua mbegu za viazi, "Picha ni ya mtu anayekwenda mbali, awaachie watu sura. Mimi nakwenda shambani. Jioni mtaniona."

Ikawa mazoea. Kila Idi, kila harusi, Hashimu akiinua kamera, baba alinyanyua kiganja akafunika uso, na watu wakacheka.

Masika ya mwaka 2003 miguu yake ilianza kujaa maji. Hospitali walisema ni moyo. Alirudi nyumbani na dawa, akawa halali chali tena, analala ameegemea mito. Jioni moja alimwita Hashimu.

"Ile picha yako," alisema. "Njoo unipige."

Hashimu aliinuka mbio kufuata kamera.

"Ngoja kwanza. Si kwa hiyo. Hiyo inawawekea watu wingu usoni. Yule bibi harusi wa Mtae ulimpiga akatoka kama anafuka moshi. Mimi sitaki wajukuu wanione nafuka."

Ilikuwa kweli. Huku kwetu ukungu unashuka kutoka msituni hadi ndani ya nyumba, nguo inaanikwa siku tatu na haijakauka. Hashimu alikuwa akiifunga kamera kwenye mkoba wa ngozi, na mkoba akaufungia kwenye sanduku, akiamini ndio kuitunza. Kuvu likaota ndani ya lenzi, nyuzi nyeupe nyembamba kama za buibui. Fundi wa Tanga aliitazama kwenye mwanga akamrudishia. "Nyinyi watu wa milimani mnazifungia kamera kama mahari," alimwambia. "Kamera inataka hewa. Hii imekwisha."

"Basi nitakutafutia mpya, baba," Hashimu alisema.

"Nitasubiri. Ila msichelewe."

Miaka hiyo madukani kila kitu kilikuwepo. Si kama zamani tulipopangia foleni kipande cha sabuni. Shida ilikuwa kujua kipi ni chenyewe. Mwaka mmoja kabla, Hashimu alikuwa amenunua lenzi Dar es Salaam, imeandikwa jina kubwa kwa herufi za dhahabu, na baada ya miezi miwili zile herufi zilibanduka zikabaki kidoleni mwake. Hakutaka tena kusikia habari ya duka la mjini. Mtu akamwambia kwamba siku hizi unaweza kuagiza kwa kompyuta moja kwa moja kwenye duka la Ulaya, kamera ikaja kwa posta. Nyumbani aliyefika kidato cha nne ni mimi peke yangu. Kazi ikawa yangu.

Lushoto mjini, nyuma ya duka la vitambaa, kulikuwa na chumba cha intaneti cha mtu anayeitwa Alen. Alikuwa mwana wa mchungaji, rika la kaka yangu, na kompyuta zake nne alizifunika kwa vitambaa vya kufumwa kama makochi.

"Habari za Magamba, dada Saumu?"

"Nzuri. Natafuta duka la kamera."

"Duka!" Aligonga kioo cha kompyuta kwa kalamu. "Humu mna maduka elfu. Kazi ni kujua lipi lina watu ndani na lipi ni ukuta uliochorwa mlango."

Nikatoa daftari. Alen alisema nami nikaandika. Tazama kama wameweka simu na mtaa walipo, na hiyo simu ipige, usikie nani anapokea. Tafuta watu wengine waliowahi kununua pale, uone wanasemaje. Bei ikiwa nusu ya wenzao, jiulize nusu iliyobaki inalipwa na nani. Na pesa iende kwa jina la duka, isiende kwa jina la mtu. Daftari hilo ninalo mpaka leo, na mwandiko ni wangu mwenyewe.

Siku ile tulipata maduka mawili yaliyokuwa na kamera aliyoitaka Hashimu. Niliyaandikia yote mawili barua moja. Niliandika kama nilivyofundishwa kuandika barua: salamu kwanza, kisha hali yetu huku, mvua na mazao, kisha ugonjwa wa baba, na kwamba tunataka picha yake moja iliyo safi kabla hajazidiwa. Kamera niliitaja mwishoni. Alen alisoma begani kwangu.

"Dada, unaandika barua ya posa?"

"Sasa nimwombe mtu kitu sijamsalimu?"

Alicheka akaniacha.

Majibu yalikuja baada ya siku tatu. Duka la kwanza liliandika mistari mitatu. Mizigo ya Tanzania hawatumi. Wakala wao yuko Nairobi, simu yake ni hii. Kamera hiyo anayo. Hapakuwa na salamu, hata jina langu halikuandikwa. La pili liliandika ukurasa mzima. Aliyeandika alijiita Edwini. Aliniita dada yangu mpendwa Saumu, akashukuru Mungu kwamba mvua kwetu ni nzuri, akauliza kama baba anakula na kama usiku anapata usingizi. Alisema naye alimpoteza baba yake kwa ugonjwa wa moyo, na kwamba kwa sababu hiyo angetupunguzia bei.

Nilichapisha zile karatasi mbili nikazipandisha Magamba. Jioni nilimsomea baba kitandani, nikitafsiri neno kwa neno. Hashimu alikuwa amekaa kwenye kigoda, mama akimsugua baba miguu kwa mafuta.

Lazima niseme jinsi baba alivyokuwa akinunua vitu. Akienda kununua ng'ombe au mbegu, hakutazama bidhaa kwanza. Alimsalimu mwenyewe na kumsubiri. Mtu akijibu kwa kirefu, akauliza ya nyumbani na ya shamba na ya wazee, baba alikaa chini wakaanza kuzungumza. Mtu akijibu kwa mkato, baba aliaga akaondoka, hata kama ng'ombe alikuwa mnono. "Asiyejulia hali hana kwao," alisema, "na asiye na kwao utamrudishia wapi kitu kikiharibika?" Katika maisha yake yote sikumbuki aliuziwa kitu kibovu. Huku milimani kanuni ile ilimtosha, kwa sababu kila aliyemuuzia kitu alikuwa anajulikana kwao ni wapi.

"Huyu wa kwanza," baba aliuliza, "hakusalimu kabisa?"

"Hakusalimu."

"Hata pole ya ugonjwa?"

"Hata pole."

"Na huyu mwingine ameulizia usingizi wangu." Alitabasamu. "Hata watoto wangu hawajaniuliza usingizi leo. Hashimu, umeniuliza?"

"Nilikuwa nakuja kuuliza, baba."

"Ulikuwa unakuja! Mzungu amekutangulia kutoka ng'ambo ya bahari." Akacheka mpaka akakohoa. "Chukueni kwa huyo. Mwambieni nalala kidogo, lakini nalala."

Nilikuwa na daftari langu mapajani. Bei ya Edwini ilikuwa karibu nusu. Simu hakuandika. Niliyaona yote mawili, na sikusema, kwa sababu baba alikuwa anacheka, na mimi mwenyewe moyo wangu ulikuwa umeshakwenda kwa yule aliyeniita dada.

Tuliuza mtamba wetu. Siku ya kutuma pesa, Alen alisoma karatasi ya malipo.

"Jina hili la mpokeaji ni la duka?"

"Ni la Edwini mwenyewe."

"Na simu umepiga?"

"Hakuweka simu. Lakini ni mtu mwema, Alen. Kila barua anamuulizia baba."

"Dada Saumu, hata mwizi analelewa na mama. Kusalimia anajua."

Nilikasirika. Nilimwambia watu wa kompyuta wamesahau utu. Pesa nikaenda kuituma Tanga siku hiyohiyo.

Edwini aliandika kwamba mzigo umeondoka. Nikamwambia Hashimu, akapaka rangi upya ubao wa studio yake na kununua kanzu nyeupe ya baba ya kupigia picha. Wiki ya pili Edwini aliomba pesa nyingine ya forodha. Nilijibu kwamba hatuna, nikimwomba atuvumilie, na hapo akanyamaza. Wiki ya tatu nilishuka Lushoto, nikakaa mbele ya kompyuta, nikaandika jina la lile duka. Ukurasa haukuwepo. Barua niliyomwandikia ilirudi yenyewe, kama imegonga nyumba iliyohamwa.

Alen alisimama nyuma yangu. Nilingoja aseme kwamba alinionya.

"Pole, dada," alisema. Akavuta kile kitambaa cha kufumwa akaifunika kompyuta, ingawa ilikuwa bado asubuhi.

Njia ya kupanda Magamba niliipanda nikitunga maneno. Nitaanza na Hashimu, tutakwenda pamoja kwa baba. Au nitaanza na mama. Nilipofika kwenye mteremko wa mwisho nilikuwa nimeshapata sentensi ya kwanza. Nilikuta baba ametolewa nje, amekaa kwenye kiti, Hashimu anamnyoa ndevu.

"Umetoka mjini?" baba aliuliza bila kutikisa kidevu. "Ndugu yangu Edwini anasemaje?"

Sentensi yangu ilikuwa mdomoni.

"Anakusalimu," nilisema. "Mzigo uko njiani."

Nilijiambia nimemhurumia mgonjwa. Sikutaka ajue kwamba kanuni yake ya maisha yote imemdanganya siku ambazo hana nguvu ya kucheka. Baadaye nilijua kwamba niliyemhurumia ni mimi. Niliogopa uso wa Hashimu, niliogopa kuitwa mwenye shule asiyejua kusoma.

Hata hapo jambo lilikuwa halijaharibika. Nilikuwa bado na siku nyingine ya kulitengeneza, na siku hiyo ilikuja, keshokutwa yake.

Kristofa alikuja kumwona mgonjwa. Yeye na Hashimu walikuwa wapiga picha wawili wa Lushoto waliogombania kila harusi, lakini kwenye ugonjwa na msiba walitembeleana. Alikuwa anatoka kwenye kipaimara, amevaa suti, kamera yake inaning'inia shingoni. Baba alikuwa tena nje, ameegemea ukuta wa nyumba, na ilikuwa asubuhi ambayo ukungu umepanda mapema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetuletea mkate wa kipaimara?"

"Nimeleta hii." Kristofa alipiga kamera kofi dogo. "Filamu imebaki picha tatu. Nikupige, mzee, bure, Hashimu akae hapo alie."

"Hashimu halii," Hashimu alisema. "Hashimu anangoja yake. Itakapokuja, hiyo yako utaifanya jiwe la kupimia mahindi."

"Inakuja kutoka wapi?"

"Ulaya."

"Ulaya mbali. Mzee, mwanao anakupangia Ulaya na mimi niko hapa."

Baba alicheka. Mkono wake haukwenda usoni. Hilo nililiona. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameshika kamera mbele yake na mikono yake miwili ilikuwa imetulia magotini. Alitazama kamera ya Kristofa, akamtazama Hashimu, halafu akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na birika la chai.

"Saumu. Hiyo yetu iko njiani?"

Wote watatu walinitazama. Kama ningesema haiko, Kristofa angenyanyua kamera na kazi ingekwisha kabla chai haijapoa.

"Iko njiani, baba."

"Basi mwache Hashimu anipige," baba alimwambia Kristofa. "Nikipigwa na wewe, huyu atanung'unika mpaka kaburini kwangu."

Kristofa alikunywa chai yake, akaacha hela ya uji wa mgonjwa, akaondoka na picha zake tatu.

Baba alifariki siku sita baadaye, alfajiri ya Ijumaa, na tukamzika siku hiyohiyo baada ya swala ya mchana. Kanzu mpya ilibaki kwenye mfuko wake wa nailoni. Watu walikuja kutoka Mnazi na Mtae. Wakati wa matanga wanawake waliniambia nalia vizuri, nalia kama mtoto mwema.

Nilidhani siri imezikwa naye, kwa kuwa kamera haikuwa na kazi tena. Sikumjua kaka yangu. Siku ya arobaini ilipopita, Hashimu alianza kushuka posta. Alisema kamera ikija atapiga kaburi, atapiga kiti cha baba, jembe lake na ukuta ule aliokuwa akiegemea. Kila siku ya gulio alikwenda kuulizia mzigo. Karani wa posta akaanza kumtania: "Hashimu, kamera yako inakuja kwa miguu?" Hashimu alinisimulia hayo akicheka, na wiki iliyofuata akashuka tena.

Nilivumilia safari nane. Ya tisa nilimfuata, nikamkuta anarudi, amekaa chini ya mti wa peasi kwenye kona ya juu ya msikiti, anamenya peasi kwa kisu.

"Kaka, usiende tena posta."

"Kwa nini?"

"Hakuna mzigo. Yule mtu hakuwa na duka."

Aliendelea kumenya. Ganda lilishuka refu bila kukatika.

"Ulijua lini?"

Hapo pia ningeweza kusema uongo. Ningesema nimejua leo, na angeniamini.

"Kabla Kristofa hajaja."

"Siku mbili kabla? Siku namnyoa?"

"Siku hiyo."

Kisu kilisimama. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane. Alitazama chini, kwenye mabati ya Lushoto.

"Siku ile ya Kristofa," alisema, "baba alikuwa amekaa kwenye mwanga mzuri sana."

Hajawahi kusema zaidi ya hapo. Alinipa nusu ya peasi, tukapanda nyumbani. Lakini tangu siku hiyo aliacha kuniita mdogo wangu. Ananiita Saumu.

Miaka miwili baadaye nilitoa ile karatasi ya mistari mitatu, ya lile duka lisilosalimu. Niliuza kabichi za misimu mitatu. Nilipiga simu Nairobi. Mwanamke alipokea, akataja jina la duka, akauliza nataka nini, akanitajia bei na siku, akakata. Hakuuliza mimi ni nani wala kwetu kukoje. Kamera ilifika kwa basi baada ya siku kumi na moja, imefungwa vizuri, na ndani ya boksi kulikuwa na kimfuko cha punje za kunyonya unyevu na karatasi inayoeleza jinsi ya kuiweka sehemu zenye ukungu. Hashimu aliisoma karatasi ile mara mbili. Kamera anaitundika kwenye msumari, wazi, karibu na jiko, na mpaka leo lenzi yake ni safi kama maji.

Picha ya kwanza alimpiga mama, ameegemea ukuta uleule.

Mwezi uliopita Hashimu alikuwa anaifuta kamera mlangoni. Alikuwa ameniona na daftari hili, anajua ninachoandika, ingawa hajawahi kuuliza.

"Kovu la baba," alisema. "Umeandika?"

"Nimeandika. La nyusi ya kushoto."

"Kulia."

"Kushoto, kaka. Alipokuwa akitabasamu ndiyo iliyokuwa inabaki chini."

"Mimi ndiye niliyemnyoa, Saumu. Ilikuwa kulia."

Tulikwenda kwa mama. Macho yake sasa hayaoni vizuri. Alinyanyua mkono akagusa nyusi yake moja, akasita, akagusa nyingine. Kisha akaweka mkono mapajani akasema tumwache, amechoka.

Nimerudi kwenye ukurasa ule wa mwanzo nikafuta neno kushoto. Nimeacha kovu lililokata nyusi moja, basi.